Nyakabere na Bonde la Ruzizi: Jinsi Watu Walivyokuja Kukaa



Katika jubile tunahesabu miaka ya parokia. Yafaa tukumbuke pia miaka iliyoitangulia, kwa maana Kanisa halikupandwa juu ya ardhi isiyo na watu. Tena vijana wetu huulizana: katika bonde hili, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Swali hilo limekwisha kumwaga damu. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu kwa historia.

Mto Ruzizi hutoka katika ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1 460 hivi. Hushuka kwa nguvu katika magenge hadi Kamanyola, kisha hutembea polepole katika tambarare mpaka ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi. Upande wa magharibi mito midogo hushuka kutoka milimani. Bondeni mvua ni chache kuliko mlimani, lakini maji ya mito hiyo yaweza kuongozwa kwa mifereji hadi mashambani. Maji hayo ndiyo yaliyowaita watu.

Wazee wa zamani walikuwa na makao yao na wami wao: Wavira karibu na ziwa, Wafuliru milimani na chini yake, Warundi bondeni. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, watu wa pwani waliwaambia kwamba Ruzizi unaingia ziwani, wala hautoki. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kuuangalia mto kwa macho yao, wakakuta kwamba watu wale walisema kweli.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi katika pwani hizi za kaskazini. Baadaye ukaja ukoloni wa pamba. Sheria ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao ya serikali hadi siku 60 kwa mwaka. Pamba ya Ruzizi ilinunuliwa na kampuni moja, kwa bei ambayo mkulima hakuulizwa. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilipima mashamba bondeni, ikagawia kila jamaa kipande chake. Huko Kiliba kikasimama kiwanda cha sukari, na miwa ikaenea. Watu wakashuka kutoka milima ya Lemera, wengine wakatoka Bushi na kwingineko, kutafuta shamba au mshahara. Hivyo sehemu kubwa ya miji yetu ilijengwa na watu waliokutana kazini, ambao lugha za mama zao zilikuwa mbalimbali. Kiswahili kiliwapa neno la sokoni, kisha neno la sala.

Mapadri wa Mtakatifu Fransisko Xaveri walifika kwetu mwaka 1958, na jimbo la Uvira likaanzishwa mwaka 1962, Askofu wa kwanza akiwa Danilo Catarzi. Miaka miwili tu ikapita, uasi wa 1964 ukafika. Wamisionari walishikwa Uvira mpaka mwezi wa Oktoba. Tarehe 28 Novemba, huko Baraka na Fizi, waliuawa Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert, mwana wa Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kanisa liliwatangaza wenye heri. Tuangalie vema: watatu walitoka Italia, mmoja alikuwa wa nchi hii, nao wamepewa taji moja.

Taabu haikuishia hapo. Mwaka 1972, na tena 1993, wakimbizi wa Burundi walivuka Ruzizi, nasi tuligawana nao muhogo. Vita vya 1996 vilisimamisha kiwanda cha Kiliba. Mwaka 2012 mwami wa Warundi aliuawa, na uhasama kati ya jirani ukazidi. Mwezi wa Juni 2014, huko Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja, wengine wakiwa katika sala.

Basi jibu letu ni nini? Hatusemi kwamba hakuna aliyetangulia. Waliotangulia wanajulikana, na heshima yao ni haki. Lakini kutangulia kunampa mtu heshima, hakumpi ruhusa ya kufukuza. Naye aliyekuja nyuma asisahau kwamba alipokelewa. Mfereji unapoziba juu, mashamba yote ya chini yanakauka, na mpunga hauulizi kabila la mwenye jembe. Ndivyo tulivyo sisi: maji yetu ni mamoja.

Wazazi, wafundisheni watoto habari hizi zote, za furaha na za machozi. Jubile katika Maandiko ni mwaka wa kurudishiana ardhi na kuwaachia huru watumwa. Mungu atujalie tuiadhimishe namna hiyo, si kwa ngoma tu.