Darasa la Mzumbe, Kazi ya Ngara

Mwaka 1953, chini ya Milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe. Waliokuja kusoma walikuwa machifu, madiwani na makarani, watu wazima waliokwisha kukusanya kodi na kutunza daftari za hazina. Mwalimu aliyesimama kueleza bajeti alikuwa mbele ya watu walioijua kwa kuifanya, na swali la karani mmoja liliweza kuwa somo la siku nzima.

Mbali huko kaskazini-magharibi mwa nchi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, Biharamulo ilikuwa na boma lililojengwa na Wajerumani, na Ngara ilikuwa nchi ya machifu wa Bugufi na Bushubi. Sheria ya mwaka 1963 iliwaondolea machifu madaraka. Mambo ya wilaya yakabaki kwa halmashauri.

Julai 1971, suala la nani asikilizwe lilizuka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Februari mwaka ule chama tawala, TANU, kilikuwa kimetoa Mwongozo, uliowataka viongozi wawashirikishe watu katika maamuzi. Wanafunzi wakauliza: na chuoni je? Kiongozi wao, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akafukuzwa. Wenzake wakasusia masomo, na baadhi ya wahadhiri vijana wakasimama upande wao.

Mwaka uliofuata, Taasisi ya Utawala wa Umma ya chuo hicho iliunganishwa na shule ya Mzumbe, kikazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi walikiita IDM, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1972 ulianza mpango wa Madaraka Mikoani. Jina liliahidi kuwasogezea wananchi uamuzi, lakini halmashauri zilivunjwa, na wilaya kama Ngara na Biharamulo, wakati huo katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, zikapelekewa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa. Nchi ilipata chuo cha kufundisha mameneja wakati uleule diwani, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Mzumbe, alipopoteza kiti chake. Ilibidi sheria ya 1982 itungwe ndipo halmashauri zirudi, mwaka 1984.

Miaka kumi baadaye Ngara ilipewa mtihani usio na mtaala. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, kwa muda wa siku moja hivi, wengi kuliko wenyeji wote wa wilaya, wakapiga kambi Benaco. Maji, kuni, vyoo, mipaka ya mashamba: kila jambo lilihitaji uamuzi kabla ya jioni. Mashirika ya kimataifa yalikuja na magari na mahema, lakini aliyejua chemchemi ipi hukauka Agosti ni mkazi wa kijiji.

Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001, na leo wengi wa shahada ya kwanza huingia wakitoka kidato cha sita, bila daftari la hazina mkononi. Kwa hiyo mhadhiri anayewapeleka halmashauri kufanya mafunzo kwa vitendo, kisha akawaacha wamhoji wakirudi, haleti jambo geni. Anairudisha Mzumbe ilikoanzia.