Karata za Wastani: Mkwawa na Merere

Ustadi wa mchezaji wa poka haupimwi kwa karata bora, wala kwa karata duni. Karata bora hujicheza zenyewe. Karata duni huwekwa chini bila ya majuto. Hupimwa kwa karata za wastani, zile zitamanishazo bila ya kuahidi. Thamani ya karata hizo haimo katika sura zake, bali katika zamu ya mchezaji, ukubwa wa dau na tabia ya mshindani. Historia ya Iringa na Mbeya mwishoni mwa karne ya 19 yaweza kusomwa kwa kanuni hiyo.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa na mikuki mingi mbele ya mizinga ya Wajerumani. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, zamu ilimfaa. Watu wake walijificha vichakani kando ya njia, wakaushambulia msafara wa Emil von Zelewski ungali mwendoni, mizinga haijapata kutegwa. Zelewski aliuawa, na bunduki zipatazo 300 zikatekwa.

Tarehe 30 Oktoba, 1894, zamu ilikuwa imegeuka. Mkwawa alingoja ndani ya kuta za mawe za Kalenga. Safari hii adui alijua mahali alipo, akachagua mwenyewe saa na umbali wa kupiga. Boma likaanguka. Mkwawa hakuziweka karata chini: alipigana porini karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai, 1898, akajiua kuliko kukamatwa.

Merere, mtawala wa Wasangu, alicheza kwa namna nyingine. Wahehe walikuwa wamewafukuza watu wake kutoka Usangu hadi Usafwa, karibu na Mbeya ya leo. Akijua kuwa peke yake hawezi, alijiunga na Wajerumani. Na nguvu za Wahehe zilipovunjika, Wasangu walirudi kwao. Faida ilikuwa ya kweli, lakini dau lilikuwa zito: nchi aliyoirudia ilikuwa chini ya bendera ya mgeni.

Kwa hesabu ya poka, Merere alishinda na Mkwawa alipoteza. Hata hivyo, mwaka 1954 fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa lilipokewa Kalenga kwa heshima kuu. Mchezo huhesabu kilichobaki mezani. Watu huhesabu pia kile ambacho mtu alikataa kukiuza.