Ukurasa wa Mwisho wa Kaunta Buku

Mama aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na madeni yake aliyaandika kwenye kaunta buku. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wetu sisi watoto: UPE, dawati, mlinzi. Nikiwa darasa la pili nilirudishwa nyumbani kwa sababu mstari wa UPE ulikuwa haujalipwa. Nikadhani UPE ni jina la deni.

Kumbe lilikuwa jina la ndoto. Mwaka 1973 serikali ilifuta ada ya shule za msingi. Mwaka 1974 TANU ilikutana Musoma, kando ya ziwa letu hili hili, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani. Hiyo ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote. Uchumi ulipoyumba, wazazi wakaanza kuchangishwa tena, na mchango ukabeba jina lile lile lililoahidi bure.

Januari 2002, enzi za Mkapa, ada ikafutwa upya. Mpango wa MMEM ukaja na ruzuku: dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2016 ada ikaondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022, cha tano na sita.

Sasa tazama njia ya hiyo hela. Inatoka serikalini inakwenda shuleni. Mzazi haioni. Kule Arizona, Marekani, tangu 2011 kuna familia zinazowekewa fedha ya umma kwenye akaunti, zikachague zenyewe shule au mwalimu. Nilimsimulia mama. Akacheka: "Sawa mwanangu, nikachague shule gani? Si ilikuwa moja tu?"

Ana hoja. Akaunti haijengi shule, na kwenye visiwa vya Ukerewe mzazi hachagui kati ya shule tatu. Anayechagua kwetu ni yule anayeweza kulipia basi la njano la "English medium" kutoka mfukoni mwake.

Ila nilipomwambia kuhusu zile dola 10, hakucheka. Mdogo wangu alianza la kwanza mwaka ule ule wa 2002, na hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba mwanawe ana fungu lake serikalini. "Ningejua," akasema, "ningekwenda kuuliza imenunua nini."

Mimi naona tuanzie hapo. Kabla ya kumpa mzazi akaunti, tumpe hesabu.