Athari ya Butcher-Oemler
Athari ya Butcher-Oemler ni hali ya makundi ya galaksi yaliyo mbali sana kuwa na galaksi nyingi za buluu kuliko makundi ya jirani. Harvey Butcher na Augustus Oemler waliiripoti mwaka 1978 baada ya kuchunguza makundi mawili, CL 0024+1654 na lile la 3C 295, ambayo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 4 kutufikia. Buluu ni rangi ya nyota nzito zisizodumu. Ikionekana, galaksi ingali inazaa nyota. Kitovu cha kundi la Koma, lililo karibu, kimejaa galaksi nyekundu za duaradufu na za umbo la lenzi.

Wapo waliodhani galaksi hizo za buluu zilikuwa mbele ya kundi tu. Spektra zilithibitisha kuwa nyingi ni za kundi lenyewe, na darubini ya Hubble ikaonyesha mikono yao iliyojipinda. Kilichozima uzazi wa nyota katika galaksi za namna hiyo, hadi makundi ya leo yakajaa galaksi nyekundu, bado kinabishaniwa. Wanaastronomia Gunn na Gott walieleza mwaka 1972 kwamba galaksi inayotumbukia kundini hukumbwa na gesi moto iliyotanda humo, ikapokonywa gesi yake. Lakini hata galaksi zilizo nje ya makundi zimepunguza uzazi tangu enzi hizo, hivyo kundi si mshtakiwa pekee.