Wasiostahili Kuchaguliwa: Katiba, Mahakama na Chama

Mwananchi wa Ilemela atakaye ubunge hana budi kufika Buswelu, ziliko ofisi za Manispaa, kuchukua fomu ya kugombea. Masharti ya fomu hiyo yana historia ndefu.

Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 yawataja wasiostahili: mwenye uraia wa nchi nyingine, aliyethibitishwa rasmi kuwa na ugonjwa wa akili, aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu katika miaka mitano iliyotangulia uchaguzi. Hayo ni ya kawaida katika nchi nyingi, nayo huthibitika kwa ushahidi. Lakini lipo sharti lenye nguvu kuyapita yote: mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa, tena apendekezwe nacho.

Asili yake ni Katiba ya Muda ya mwaka 1965. Kwa Tanganyika, mbunge aliyekoma kuwa mwanachama wa TANU alikoma pia kuwa mbunge. Makali yake yalionekana Oktoba 1968, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Tanga na kuwafukuza wabunge saba. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Kasella-Bantu, mtu wa Nzega, mmoja wa waasisi wa chama hicho hicho mwaka 1954. Hakimu hakuombwa kusikiliza shauri, wala wapigakura hawakuulizwa.

Kinyume chake kilitokea kwa sababu ya mambo ya Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1976 watu walioshukiwa kwa mauaji ya ushirikina waliteswa huko, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977, ingawa si yeye aliyetenda. Hakuna ibara iliyomzuia baadaye. Mwaka 1985 akawa Rais. Huenda ndivyo ifaavyo, maana jukumu la namna hiyo hupimwa na wapigakura, ijapokuwa mwaka ule karatasi ya kura ilikuwa na jina moja tu.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, sharti likabaki. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira, huko Dodoma, akampa haki. Bunge likairekebisha Katiba kumzuia. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema uamuzi ni wa Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliona kwamba haki yake imevunjwa. Katika fomu ya Buswelu, mahali pa jina la chama bado hapaachwi wazi.