Waya wa Tanga na Karatasi Yake

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze habari ya waya. Nauzungumzia ule uliolala chini ya bahari, unaotuletea umeme Pemba kutoka Tanga. Wengi wetu tunajua kuwa ulifika 2010. Wachache huuliza ulifikaje, na nani aliahidi nini siku ya kutia saini.

Serikali ya Zanzibar na makampuni ya mitambo wamejuana zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya Sultani iliipa kampuni ya Arnold, Cheney ya New York kazi ya kujenga reli kutoka Mjini hadi Bububu. Gari la moshi lilianza safari 1905. Mwaka 1911 serikali ikaichukua reli ile mikononi mwake, na kabla ya 1930 safari za abiria zilikwisha. Kampuni ilijenga ikaenda zake. Mzigo wa matunzo ukabaki kwa mwenye nyumba.

Tuje kwenye umeme. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na gridi ya Tanganyika kwa waya wa baharini wa megawati 45. Karibu miaka 30 watu waliwasha taa bila kuukumbuka. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ukakatika, na Unguja ikakaa gizani takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, mahoteli yakaunguza dizeli usiku na mchana. Jambo lililoumiza ni kwamba vipuri na mafundi wa waya kama ule hawapatikani dukani Darajani. Ilibidi watafutwe ng'ambo.

Sisi Pemba giza lile halikutugusa, maana tulikuwa na majenereta yetu pale Wesha. Lakini mtu wa rika langu anayajua majenereta yale. Dizeli ikichelewa au mashine ikichoka, tuligawiwa umeme kwa zamu kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Kwa hiyo waya wa Tanga ulipokuja tuliupokea kwa furaha. Norway iligharimia sehemu kubwa, kampuni ya Nexans ikautengeneza, TANESCO ndiyo muuzaji wa umeme na ZECO ndiye mnunuzi. Ni waya wa kilovolti 33, wenye uwezo wa megawati 25. Umepita zaidi ya kilomita 70, katika mkondo ambao kina chake ni mamia ya mita. Kazi hiyo si ya serikali peke yake, wala si ya kampuni peke yake.

Lakini ushirika wa wengi una hatari yake. Machi 2017 Rais Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, Zanzibar ikiwamo. Deni lililotajwa lilipita shilingi bilioni 120. Zanzibar nayo ilikuwa na malalamiko ya siku nyingi juu ya bei inayouziwa. Tazama ajabu hiyo, msikilizaji: waya ulikuwa mzima, mitambo mizima, na bado tulikaribia kurudi kwenye kibatari. Kilichokuwa kibovu ni makubaliano.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisemi tuukate waya. Nasema mkataba wa mitambo ya umma uwe na majibu ya mambo matatu. Kipuri cha akiba kinawekwa wapi, na kwa fedha ya nani? Vijana wetu wangapi watafundishwa kuutengeneza? Bei ikileta ugomvi, mwamuzi ni nani? Mwenye kampuni hatendi kosa akifanya alichoandikiwa. Kosa ni la aliyetia saini bila kuuliza.

Unguja ilipata waya wa pili 2013, wa megawati 100, kwa fedha za Marekani. Somo la giza lilieleweka. Pemba tuliletewa mmoja. Kila kiongozi anapokaa mezani na wenye viwanda, iwe kwa umeme, simu au kompyuta za ofisi za serikali, akumbuke kuwa bahari haisomi hotuba za ufunguzi. Siku kitu kikiharibika, kitakachotafutwa ni ile karatasi.