Padre Edward Flanagan: Baba wa Watoto Waliotupwa



Wapendwa wanakwaya na wanaparokia, katika kijitabu hiki cha jubilei tumeona vyema tuweke historia ya padre mmoja ambaye kazi yake ya huruma ilibebwa pia na waimbaji. Sisi Wakenya tunawajua mapadre wa Ireland, maana wengi walikuja kwetu wakafungua parokia, shule na hospitali. Padre Edward Flanagan yeye alielekea Marekani.

Alizaliwa tarehe 13 Julai 1886 katika kaunti ya Roscommon, kwenye familia ya wakulima. Mwaka 1904, akiwa na miaka 18, alivuka bahari. Njia yake ya upadre haikuwa nyepesi. Mapafu yake yalikuwa dhaifu, na ugonjwa ulimtoa seminari ya New York, kisha ukamtoa Roma. Kwa muda alikuwa mhasibu katika kiwanda cha nyama mjini Omaha, jimbo la Nebraska. Hatimaye alipewa daraja la upadre huko Innsbruck, Austria, tarehe 26 Julai 1912, akarudi kutumika Nebraska.

Mjini Omaha alifungua nyumba ya malazi kwa wanaume wasio na kazi wala makao. Alipowasikiliza, aligundua kwamba wengi waliharibikiwa wangali wadogo, bila wazazi na bila malezi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tarehe 12 Desemba 1917, kwa dola 90 za kukopa, alikodi nyumba akaanza kulea wavulana wachache, baadhi yao wakiwa wametoka mahakamani. Krismasi hiyo walikula kabichi iliyochachushwa, pipa zima walilopewa kama msaada.

Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila dini na kila rangi, wakati ambapo ubaguzi ulitawala Marekani. Wakili Myahudi, Henry Monsky, alikuwa rafiki na msaidizi wake mkubwa. Mwaka 1921 alinunua shamba nje ya Omaha, ambalo baadaye likawa kijiji cha Boys Town, yaani Mji wa Wavulana. Humo wavulana walimchagua meya wao wenyewe.

Pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo wanakwaya tutege sikio. Katika miaka ya 1920 wavulana walizunguka miji wakiimba, wakiigiza na kupiga bendi ili kuchangisha fedha. Bendi hiyo ilifunzwa na Dan Desdunes, mwanamuziki mweusi wa Omaha. Kuna mahali ambapo wavulana weusi walinyimwa malazi pamoja na wenzao weupe. Baadaye, chini ya Padre Francis Schmitt, kwaya ya Boys Town ilipata sifa kote Marekani. Watoto ambao watu waliwaita wahalifu walisimama mbele ya umati, wakasikilizwa kwa heshima.

Padre Flanagan hakuogopa kusema ukweli hata kwao. Mwaka 1946 alitembelea Ireland akakemea hadharani viboko na ukatili katika shule za kurekebishia watoto, zikiwemo zilizosimamiwa na watawa wa Kanisa. Wakubwa walimjibu kwa hasira. Mwaka 2009 ripoti ya tume ya Ireland ilithibitisha mateso makubwa katika taasisi hizo. Mpenda Kanisa hafichi kidonda chake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alitumwa Japani na Korea, kisha Ulaya, kutazama hali ya mayatima. Alifariki Berlin tarehe 15 Mei 1948. Mwaka 2012 mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa rasmi.

Ndugu zangu, watoto tunaowaita chokoraa hulala vibarazani, na Jumapili tunawapita tukiwa na sare zetu safi. Padre Flanagan alishikilia kwamba hakuna mtoto mbaya kwa kuzaliwa. Kuna malezi mabaya na mfano mbaya. Kwaya inayotimiza jubilei ijiulize: nyimbo zetu zimemlisha nani? Zimemwita nani aketi nasi? Tukiimba vizuri bila majibu hayo, tumebakisha ubeti mmoja.

 

Katibu wa Kwaya